Bandama Iko Kushoto

Mimi nimezaliwa na mdomo. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba nilitoka tumboni nikigombana na mkunga, na sina sababu ya kumkanusha. Nalitanguliza hili kwa kuwa kosa ninalolieleza hapa lilianzia kinywani mwangu, si kwa mtu mwingine, na lilikaribia kumuua binti yangu wa mwisho. Karatasi zake za hospitali zilibaki nyumbani Arua mwaka 1979, tulipokimbia vita na kuvuka mpaka na nguo za mwilini tu. Kwa hiyo ninachoandika ni kile ambacho mikono yangu bado inakikumbuka.

Baba alikuwa mchinjaji Koboko. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zamani, na katika mji ule mdogo nyama nyingi ya sikukuu ilipitia mikononi mwake. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo msaidizi nikawa mimi. Mbuzi alining'inizwa kwenye boriti kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, tumbo limetuelekea. Mimi nilisimama mbele na beseni, baba akapasua. Hakuwa msemaji. Somo lake lilikuwa moja tu na alilirudia kwa kila mbuzi: "Maini iko kulia, bandama iko kushoto. Usichanganye. Mutu ya maini hapana taka bandama." Mkono wangu wa kulia ukapokea ini, wa kushoto ukapokea bandama, ile nyama nyeusi iliyoshikamana na tumbo. Nilifika mahali pa kuifanya kazi ile nimefumba macho, na nilikuwa nikiyafumba kweli, watu wanione.

Nilipoolewa Arua na fundi cherehani, ujuzi huo ulinifuata. Malaria kwetu ilikuwa mgeni asiyeaga, na mtoto akiumwa mara kwa mara bandama huvimba. Basi wanawake wa mtaani wakaanza kuniletea watoto wao wenye matumbo makubwa. Nilikaa kwenye mkeka, nikamlaza mtoto chali, kichwa chake magotini pangu, miguu kule. Alikaa vilevile kama mbuzi wa baba: kushoto kwangu ndiko kushoto kwake. Nilibonyeza, nikatangaza, "Bandama." Nilipata kila mara. Sasa najua kwamba hata kasuku angepata, maana karibu kila tumbo lililovimba mtaani mwetu lilikuwa la bandama. Lakini wakati ule nilitembea Arua nzima kichwa juu, na mama mkwe wangu alikuwa akinitania kwamba nikipita, hata mbuzi wa watu wanaficha matumbo yao.

Binti yangu alizaliwa wa miezi saba. Alikuwa mdogo hata akatosha ndani ya kofia ya baba yake, na hakuna aliyemtarajia kuishi isipokuwa mama mkwe. Huyo watoto walimwita haboba, kama tunavyowaita bibi zetu. Haboba alimvaa kifuani, chini ya gurbaba lake, lile vazi refu la wanawake wetu, siku arobaini mchana na usiku. Alimtoa tu nimnyonyeshe. Mtoto akashika uhai, akanenepa, akatembea, akawa na mdomo kama mama yake.

Alikuwa amekaribia miaka mitatu nilipokiona kile kitu. Nilikuwa namwogesha asubuhi, amesimama kwenye beseni, amenitazama. Sabuni ilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo nilimsugua sana kwa viganja. Chini ya mbavu kiganja changu cha kushoto kiligonga kitu kigumu. Sikumlaza. Sikumweka kichwa magotini. Watoto wa watu niliwafanyia taratibu zote, wangu nikamgusa akiwa wima, maji yanamtiririka, na mdomo ukatangulia akili. Mkono wa kushoto, kwa hiyo bandama.

Haboba alikuwa mlangoni anachambua mboga. Alikuja, akamgusa mtoto, akakunja uso.

"Wewe nasema bandama," aliniambia. "Mimi naona hii iko upande ingine."

"Mama, bandama iko kushoto. Hii iko kushoto."

"Kushoto ya nani?"

Swali hilo lingeniokoa wiki saba. Nilichojibu naona haya kukiandika, lakini nilikisema: "Mama, wewe ulichinja mbuzi ngapi?" Akarudi kwenye mboga zake. Alikuwa mpole, na mimi nilikuwa mtoto wa mchinjaji.

Kwa desturi ya wakati ule bandama ilichanjwa. Mtu alichukua wembe, akapiga mistari midogo juu ya uvimbe, akapaka majivu ya dawa. Haboba ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Aliniambia, "Mimi nachanja pale wewe naonyesha," nami nikaonyesha kwa kidole. Kisha nikampeleka mtoto dispensari. Sikumwacha mtu wa pale aulize lolote. Nilifika na jibu langu mkononi: huyu ana bandama, nipe klorokwini. Akanipa. Sina wa kumlaumu hapo.

Mume wangu ndiye aliyekuwa na ushahidi, naye hakusema. Alimshonea binti yake gauni la pamba kwa ajili ya Idd, akapima kiuno. Baada ya wiki mbili akafumua mshono akaongeza kitambaa. Baada ya wiki tatu nyingine akaongeza tena. Mikono ya mtoto ilikuwa inakonda, uso unakonda, tumbo peke yake linakula. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakufungua kinywa, akanijibu kwamba mimi nilikwisha kusema ni bandama, na ndani ya nyumba yetu neno langu kuhusu matumbo lilikuwa limefungwa muhuri.

Idd ya kuchinja ilitukuta Koboko kwa baba. Boriti yake ya miaka yote ilikuwa imeliwa na mchwa. Mbuzi alipopandishwa tu, ikakatika, mbuzi, kamba na vumbi vikaanguka pamoja. Baba hakugomba. Alitandika majani ya mgomba, akamlaza mbuzi chali, akaniambia nikae upande wa miguu ya nyuma niishike. Binti yangu alikuwa amekaa karibu, ameegemea ukuta, hana hamu hata ya kuchezea mkia. Baba akachuna, akapasua. Nikainamisha macho kutafuta ini, mkono wangu wa kulia umekwisha kunyooka wenyewe kulipokea.

Ini lilikuwa kushoto kwangu.

"Baba," nikasema, "hii mbuzi ni mbaya. Maini yake iko kushoto."

Baba alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, kisu kimesimama. "Mbuzi iko sawa," akasema. "Wewe ndiyo umegeuka."

Nilibaki nimeshika miguu ile miwili. Nilimwona mwanangu kwenye beseni, amesimama amenitazama, na mkono wangu wa kushoto chini ya mbavu zake za kulia. Aliyening'inia kichwa chini na aliyesimama kichwa juu hawana kushoto kumoja, na mimi miaka yote nilijua kushoto kwa mbuzi anayening'inia tu. Haboba aliniuliza kushoto ya nani. Niliachia miguu, nikamkimbilia mtoto, nikamlaza hapohapo kwenye mkeka, kichwa magotini pangu, kama watoto wa watu. Uvimbe ukaja mkono wa kulia. Nikalia kwa sauti, mbele ya wageni wa Idd, na sikujali.

Baba alinawa mikono kwa majivu mara mbili. Hakuwa amewahi kumpapasa mtu. Alipitisha vidole chini ya mbavu za mjukuu wake polepole, akafuata ukingo wa kile kitu mpaka karibu na kitovu. "Hii ni maini," akasema. "Ndani yake iko kitu. Kesho asubuhi rudi Arua, enda hospitali, na wewe usiseme kitu. Acha dakitari aseme." Kwa mtu asiyependa maneno, ilikuwa hotuba ndefu.

Hospitalini Arua nilinyamaza, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko jino. Daktari alimpapasa mtoto, akaona makovu ya wembe, akauliza nani alichanja.

"Mkono ulikuwa wa mwingine," nikamwambia. "Mahali nilionyesha mimi."

Hakunigombeza. Alisema ni uvimbe kwenye ini, kwamba pale hawakuwa na uwezo wa kuukata, na akaandika barua ya kwenda Kampala. Nyumbani mume wangu alisoma barua ile mara tatu. "Mganga hajigangi," alisema, lakini hakucheka. Alibaki na watoto wakubwa na haboba. Mimi na mgonjwa tulipanda basi, tukavuka daraja la Pakwach mchana, tukasimamishwa na askari kwenye vizuizi nisivyovihesabu. Kila askari alitaka nifungue mizigo. Mmoja alimwona mtoto akafunga mwenyewe vifurushi vyangu.

Daktari mpasuaji wa hospitali kubwa alikuwa mtu mwembamba, mpole, Kiswahili chake kama viatu vya kuazima. Alinikalisha na daftari, akauliza maswali ambayo kila moja lilinivua nguo. Mtoto alizaliwa kwa miezi mingapi? Saba. Aliwahi kuwa na macho ya njano? Hapana. Nimempa dawa gani za miti? Nikataja zote. Karanga anakula?

Karanga. Tulikuwa tunanunua kwa mwanamke mmoja wa Logiri, karanga nzuri, nyekundu. Lakini msimu mmoja ghala lilivuja, zikalowa, zikaota ukungu wa kijani. Ilikuwa miaka ya kukosa chumvi, kukosa sukari, na kutupa chakula lilikuwa jambo la wendawazimu. Nilichagua nzuri, halafu zile mbaya nikazikaanga sana na kuzisaga pia. Mwanangu alikula mchuzi ule kama sisi sote. Nilimwambia daktari kila kitu, kisha nikamuuliza kama nimemlisha sumu kwa mkono wangu.

Aliweka kalamu chini. "Kwa watu wakubwa, sisi nafikiri karanga ya ukungu inaleta ugonjwa ya maini," alisema. "Usile tena, na mutoto asile. Lakini kwa mutoto mudogo kama huyu, hakuna mutu anajua nini inaleta. Sisi nauliza kwa sababu hatujui. Usijipige, mama."

Sikuacha kujipiga, ila nilipunguza mkono. Miaka mingi baadaye, ugenini, mtu wa afya aliniambia kwamba sasa imeonekana watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wadogo sana, hupata uvimbe huu zaidi ya wengine, ingawa hata kwao ni nadra, na kwa nini ni hivyo bado haijaeleweka vizuri. Nilifikiria ile kofia ya baba yake. Haboba alikuwa amekishinda kifo kifuani mwake siku arobaini, na kile kitu pengine kilikuwa kimekwisha kuingia mlangoni.

Baada ya picha na vipimo, daktari alichora ini nyuma ya karatasi. Lilikuwa ini baya, nikalikosoa, naye akalichora upya. Alisema uvimbe umekaa upande wa kulia tu. Ukiwa upande mmoja, wanakata upande huo, na ukitoka wote mtoto ana njia ya kupona. Ukiwa umesambaa pande zote mbili, hakuna cha kukata. Alisema pia kwamba wengine hufa mezani kwa kutokwa damu, na wengine hurudi nyumbani, kisha ugonjwa ukarudi nao. Hakunificha chochote na ninamshukuru hadi leo.

"Na mutu anaishi na maini nusu?" nikamuuliza.

"Maini inaota tena."

Nilimtazama kwa dharau yote niliyorithi Koboko. "Daktari, mimi nimeshika maini tangu utoto. Hakuna siku moja niliona imeota tena."

"Mbuzi yako ulimupa nafasi?" akauliza. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu Idd.

Kitanda cha pili yetu kilikuwa na mtoto wa kike kutoka upande wa mashariki, mwenye uvimbe kama wa binti yangu, lakini wake ulikuwa pande zote mbili. Mama yake hakujua Kiswahili na mimi sikujua lugha yake. Siku walipoambiwa warudi nyumbani, alinipa kipande cha sabuni alichobakiwa nacho, akakifunga kiganjani mwangu kwa vidole vyake. Namkumbuka kila ninapoogesha mtoto wa mtu.

Ilibaki damu. Daktari alisema hatampasua mpaka damu ya kutosha iwe imewekwa tayari, na ya kwangu peke yake haikufika popote. Kampala sikuwa na mtu. Lakini Bombo, mwendo mfupi kaskazini mwa Kampala, kuna Wanubi wengi kama sisi, na huko alikuwepo shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye sikuwa nimemwona tangu nilipoolewa. Nilimtumia salamu kwa dereva wa lori: mtoto wetu anataka damu. Sikueleza zaidi, sikujua niseme nini.

Siku ya tatu asubuhi muuguzi alinijia na uso wa mtu aliyevamiwa. Uani kulikuwa na lori, na ndani ya lori kumejaa watu wa Bombo, wanaume kwa wanawake, magurbaba ya kila rangi, vyakula vimefunikwa kwa kawa za ukindu. Shangazi alishuka wa kwanza, mkono wa nguo umekwisha kukunjwa hadi begani.

"Nani anachukua damu hapa?" aliuliza. "Mimi nataka anze na mimi, hawa wengine naogopa."

Ndugu ni kufaana, si kufanana. Wengi wao walikuwa hawanijui sura wala jina. Walipanga mstari, wakataniana, waliokataliwa kwa uzee wakagombana na muuguzi. Mwanamume mmoja mnene alizimia alipoiona sindano, na shangazi aliendelea kumtania hadi siku zake za mwisho. Mimi niliketi kwenye ngazi na mtoto mapajani, nikitazama mikono ile ikinyooshwa mmoja baada ya mwingine, na nilijua kwa uhakika kwamba hatakufa kwa kukosa damu. Liwe lingine, hilo halitakuwa.

Waliniletea karatasi ya idhini. Kwetu tunasema neno baya linakata maini, na nilikuwa nimeitumia methali hiyo maisha yangu yote bila kufikiri. Pale nilikuwa natia sahihi ili yakatwe kweli. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa ili asiwepo wa kusema sikuelewa.

Walimwingiza asubuhi na mapema. Shangazi alikaa nami. Adhuhuri ilipita, alasiri ikafika. Daktari alipotoka alikuwa ameinamisha kichwa kwa uchovu.

"Iko hai," alisema. "Na nafikiri imetoka yote."

Mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi akaishia hapo. Mimi nilisema alhamdulillahi, halafu nikaomba kuona kilichotolewa. Daktari alisita. Shangazi akamwambia, "Huyu ni mutoto ya mchinjaji, muonyeshe tu, au hatalala." Kikaletwa kwenye trei. Kilikuwa kikubwa kuliko ngumi zangu mbili, cha manjano na hudhurungi, kigumu, kibaya. Lakini sikukitazama hicho. Nilitazama kingo. Baba alipokuta doa kwenye ini hakukata doa. Alikata nje yake, ndani ya nyama nzuri, akatupa nzuri na mbaya pamoja. Nilimwomba daktari akigeuze, akakigeuza, akakigeuza tena. Pande zote, kote, palikuwa na ukanda wa ini safi, jekundu lililokoza, laini, lisilo na doa.

"Nani alikufundisha kutazama hapo?" daktari aliuliza.

"Baba yangu. Na wewe?"

"Mwalimu yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza aliniita dada.

Baadaye darubini iliona nilichokiona. Yalifuata sindano za dawa kali, mwezi hadi mwezi, kwa karibu mwaka. Zilimfanya atapike na nywele zake zote zikadondoka, na akawagomba wauguzi kwa matusi aliyojifunza kwangu. Tulikuwa tukienda Kampala na kurudi, hadi madereva wa basi wakamjua. Kila tuliporudi Arua baba yake alimsimamisha mezani kwenye cherehani, akapima kiuno, akapunguza gauni. Kitambaa alichokuwa ameongeza kikatoka chote, mshono baada ya mshono. Kipande cha mwisho alikifanya leso, akawa anaifungia shingoni akienda kutazama mpira uwanjani Onduparaka, na timu ikishinda aliipepea bila kueleza watu ni ya nini.

Kwa haboba nilipiga magoti siku ya kwanza niliporudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi njiani. Alinizuia kwa mkono. "Mimi nilichinja mbuzi ngapi?" aliuliza, akaanza kucheka, akacheka hadi machozi. Nilistahili hilo na zaidi. Kuanzia hapo kila mtoto aliyeletwa kwangu tulimpapasa wawili, haboba kwanza, mimi baadaye, na aliyekuwa na uvimbe wa upande wa kulia nilimpeleka hospitali mwenyewe, mdomo nimefunga. Wanawake wa Mvara, mtaa wetu, walinitania kwa jina la Kushoto Ya Nani. Sikukasirika sana.

Daktari wa Kampala alimwona mara ya mwisho alipokuwa anaelekea miaka saba. Alimlaza, akabonyeza, akapiga picha, akalinganisha na ya zamani. Sehemu iliyobaki ilikuwa imekua ikajaza pengo. Akachora tena nyuma ya karatasi, na safari hii ini lilikuwa zuri. Akasema hatuna haja ya kurudi.

Idd ya kuchinja iliyofuata tulikuwa Koboko sote. Baba alikuwa ameweka bomba la chuma mahali pa boriti. Mbuzi akapandishwa, kichwa chini kama zamani, akachunwa, akapasuliwa. Mimi nilisimama kando. Tangu boriti ile ilipokatika sikuwa nimeonja ini, na halikuingia nyumbani kwangu. Baba alimwita mjukuu wake, akampa beseni, akamuuliza, "Maini iko wapi?"

Hakujibu haraka, na hapo tu nilijua amenizidi. Alimtazama mbuzi. Akaweka beseni chini. Akamgeuzia mbuzi mgongo, akainama hadi kichwa kikafika karibu na udongo, akamtazama mbuzi kupitia katikati ya miguu yake. Wageni wakacheka, nami nikataka kumkaripia kwa kuharibu gauni. Baba alininyamazisha kwa jicho.

"Sasa mbuzi iko simama kama mutu," sauti ya binti yangu ilitoka huko chini. Akanyoosha kidole. "Maini iko huku." Kisha akasimama, uso umewiva kwa kuinama, akajipiga mbavu za kulia, juu ya kovu refu la kisu na vile vidoa vya wembe. "Na yangu iko huku."

Baba alicheka hadi akaweka kisu chini. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo hata siku ya harusi yangu. Alilitoa ini, akakata kipande cha kwanza, akampa mjukuu, ambaye alikipeleka motoni mwenyewe. Kisha nikamwambia baba nami nataka.

"Mkono gani," akauliza, "kulia au kushoto?"

Nikamnyooshea yote miwili.